Siku Kalamu Haikugusa Karatasi

Mzee Kimaro alinipigia simu asubuhi ya Jumanne, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Area D, mtaa wa Dodoma, nachagua mchele. Hakusalimia. Alisema, "Zuhura, Mrusi ametutoka." Nikasema, "Innalillahi," mkono ukaendelea kuchagua mchele. Akanieleza kwamba Mzee Ndahani amefia nyumbani kwa binti yake mkubwa, Kongwa, mazishi ni Alhamisi saa nane mchana, na kwamba atanipitia na gari la mwanawe twende pamoja. Nikamwambia sawa. Simu ilipokatika nilitazama ungo nikaona nimeutupa mchele mzima na kubakiza chenga na mawe. Nilikusanya nilichoweza kukusanya, nikapika, nikala. Nimekuwa hivyo tangu ujanani: habari nzito hunikuta nikiwa na kazi mkononi, na kazi huendelea.

Mzee Ndahani hakuwa Mrusi. Alikuwa Mgogo wa Kongwa aliyepelekwa Leningradi kusomea miamba na mitetemo ya ardhi, na Kimaro alikuwa Mchaga aliyepelekwa Marekani kusomea jambo lilelile. Serikali iliwapangia chumba kimoja cha ofisi Dodoma, na wafanyakazi wakawapa majina ya kule walikosoma, Mrusi na Mmarekani. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa tisini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani mchapaji, na meza yangu ilikuwa katikati ya meza zao. Kwa bahati tu, Mrusi alikaa upande wa mashariki na Mmarekani upande wa magharibi, jambo lililowachekesha wote waliopita mlangoni isipokuwa wenyewe. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia iliyokunjamana kwa joto, kabati la chuma ambalo ufunguo wake ulikaa kwa Ndahani, na feni iliyozunguka pale umeme ulipopenda. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, wanawake walivaa magauni ya mitumba yenye vifungo vya dhahabu bandia, na Kimaro alikuja kazini na redio mpya yenye kaseti mbili, akaiweka mezani pake kama chombo cha ofisi.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule nilimzika mtoto wangu. Aliitwa Idrisa, alikuwa na miezi saba, aliumwa homa siku mbili. Nilirudi kazini baada ya wiki moja kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Watu walinipa pole, nikasema nimeshapoa, na kwa kweli nilikuwa nimepoa, kama chai iliyosahauliwa. Mama Neema, mpishi wetu, alinivuta siku moja jikoni kwake nyuma ya ofisi, akafunga mlango, akasema, "Humu hakuna mtu. Lia, mwanangu." Nilisimama pale karibu na sufuria ya mlenda, nikajaribu. Machozi hayakutoka. Akanipa kipande cha ugali wa uwele nikala nimesimama, naye akanitazama mpaka nikamaliza.

Wazee wangu wale wawili walikuwa hawasemezani. Walianza kununiana miaka saba nyuma, siku Warusi walipotungua ndege ya abiria, wakabishana mezani wakati wa chakula mpaka Kimaro akasema neno kuhusu watu waliolishwa mkate wa bure wakafumbwa macho. Tangu hapo kila kitu kilipitia kwa karani, na sasa karani nilikuwa mimi. "Zuhura, mwambie mwenzako anaziba mwanga." "Zuhura, mwulize huyo bwana kama amemaliza na rula." Mtu aliyeulizwa alikuwa hatua nne tu kutoka kwa aliyeuliza, na amesikia kila neno, lakini alisubiri nirudie ndipo ajibu. Nilirudia. Mwaka ule kurudia maneno ya wengine kuliniwia rahisi kuliko kutafuta ya kwangu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa mashine. Upande wa Mtumba, ambako siku hizi kuna wizara na magari kutwa nzima, wakati ule kulikuwa na pori, mawe na ukimya, na ndiyo sababu kijumba cha mashine kilijengwa kule. Ilikuwa mashine ya kupima mitetemo ya ardhi. Kalamu ya wino ilichora mstari juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye silinda, saa ishirini na nne, na kila siku saa tatu asubuhi dereva alinipeleka kwa Landrova kuibadilisha. Mashine iliwekwa kwa ajili ya matetemeko ya bonde la ufa. Lakini ardhi haichagui. Treni ya Kigoma ilionekana kwenye karatasi, na ng'ombe wakikimbia karibu walionekana. Na mara chache mno, katikati ya mstari tulivu, ulionekana mkwaruzo mdogo uliotoka upande wa pili wa dunia, mahali ambapo Warusi au Wamarekani walikuwa wamelipua bomu la nyuklia chini ya ardhi ili wajue kama bado linafanya kazi.

Ndahani ndiye aliyenifundisha kuutambua. "Tetemeko hubisha hodi kwanza, ndipo liingie," alisema, akipitisha kucha juu ya mistari. "Bomu linavunja mlango." Nikamwuliza wanalipua kwa nini kama hawapigani. Akavua miwani. "Ili wasipigane. Huyu anamwonyesha yule kwamba analo, na yule anamwonyesha huyu. Shida ni siku ambayo mmoja haoni vizuri. Asiyeona hukisia, na anayekisia huogopa." Kutoka meza ya magharibi Kimaro akakohoa. "Zuhura, mwambie bwana huyo asisahau kukusimulia ya Kuba. Nani aliweka makombora mlangoni kwa mwenzake, na nani aligeuza meli zake akarudi kwao." Nikarudia. Ndahani akajibu bila kugeuka, "Mwambie waligeuza kwa sababu walikuwa wameelewana. Mwalimu wangu alikuwa askari kule Kuba siku zile, alilala na viatu. Na mwambie wenzake nao waliondoa makombora yao Uturuki, ila walitaka iwe siri, ili ionekane aliyerudi nyuma ni mmoja tu." Kimaro akaweka kalamu chini. "Mwambie hilo ni kweli," akasema. Nikalirudia hilo nalo. Ndiyo siku pekee mwaka ule niliyosikia mmoja akimkubalia mwenzake.

Oktoba huku kwetu ni mwezi wa vumbi. Mvua haijaja, ng'ombe wamekonda, upepo unasukuma mchanga chini ya milango. Asubuhi moja ya mwezi huo nilikuwa kijumbani, nimeshafunga karatasi mpya kwenye silinda, mwanamke akasimama mlangoni na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Aliomba maji ya mtoto. Nilikuwa na chupa yangu. Nilimimina kwenye kifuniko, nikamnywesha mtoto mwenyewe kwa sababu mama yake alikuwa ameshika kuni. Alikuwa mtoto wa kiume, wa mwaka mmoja hivi, umri ambao Idrisa wangu angekuwa nao. Alikunywa, akanishika kidole, akakitazama, akakiachia. Wakaenda zao. Nilikaa juu ya jiwe nje. Sijui nilikaa muda gani. Sikuwaza kitu. Dereva alipiga honi, nikainuka, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaingia garini.

Siku ya pili nilipofungua niliona karatasi nyeupe. Sikuwa nimeishusha kalamu. Kwa siku nzima silinda ilikuwa imezunguka na kalamu imening'inia juu yake upana wa ukucha, ardhi imetetemeka ilivyotetemeka, na hakuna hata mstari mmoja. Niliikunja. Niliporudi ofisini nilipita jikoni, Mama Neema alikuwa ameenda kuchota maji, nikaisukuma ndani ya jiko la kuni. Kisha nikaandika kwenye rejesta saa ya kuweka na saa ya kutoa, nikaweka alama yangu. Ijumaa Ndahani aliisaini rejesta kama kila Ijumaa, ukurasa mzima, kwamba amepokea karatasi zote na kuzifungia kabatini. Hakuzihesabu. Aliniamini. Ningependa kuandika kwamba moyo ulinidunda alipokuwa anasaini, lakini nilikuwa nanoa penseli.

Wiki iliyofuata redio ya Kimaro ilituambia, katika taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka ng'ambo, kwamba Warusi, waliokuwa wamenyamaza karibu mwaka mzima, wamelipua tena bomu chini ya ardhi kule kaskazini kwenye barafu. Wakataja siku. Kimaro alizima redio. Ilikuwa habari kubwa, kwa sababu watu walishaanza kuamini kwamba mchezo ule umekwisha. Tena kulikuwa na mgeni njiani, mzungu kutoka kwa wale waliotusaidia kupata mashine, ambaye angekuja kuamua kama kituo chetu kinastahili mashine mpya na nafasi moja ya masomo nje. "Zuhura," Kimaro akasema taratibu, "mwombe mwenzako karatasi ya siku hiyo." Nikarudia. Ndahani akafungua kabati. Aliitafuta mara ya kwanza, akaitafuta mara ya pili akiwa amepiga magoti. Kisha akasema, akitazama ukuta, "Haipo."

Siku tatu hazikuwa na maneno hata ya kupitia kwangu. Ndahani alibadili kufuli la kabati. Kimaro alianza kuondoka na rejesta kwenda nayo nyumbani. Mama Neema alileta chakula, sahani zikarudi na mboga yake. "Hawa wanakulana wenyewe, ndiyo maana hawana njaa," aliniambia. Siku ya nne, Ndahani alipotoka kwenda benki, Kimaro aliniwekea karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Chapa nakala mbili. Siri." Ilikuwa barua kwa wakubwa wetu Dar es Salaam, YAH: KUPOTEA KWA KARATASI YA MITETEMO. Alieleza kwamba Bwana Ndahani bado anaandikiana na waliomsomesha, kwamba karatasi iliyopotea ni ile tu yenye alama ya bomu la marafiki zake, na kwamba vyombo vinavyohusika vimhoji. Niliichapa. Mchana nilikwenda kuswali. Niliporudi nikamkuta Ndahani amesimama peke yake kwenye meza yangu. Naye alikuwa na ya kwake. Barua yake ilisema Bwana Kimaro ameiba karatasi ili mwenzake aonekane msaliti mbele ya mgeni na yeye achukue masomo, na kwamba mtu wa namna hiyo si salama kuachiwa mali ya taifa. Niliichapa hiyo pia, kwenye mashine ileile, kwa utepe uleule.

Lazima nieleze barua kama zile zilikuwa na uzito gani. Maduka yalikuwa yamefunguliwa, lakini masikio yalikuwa yaleyale. Mtu aliyeandikwa kwamba anapeleka vitu vya serikali kwa wageni alifuatwa na watu wasiojitambulisha, na kama alirudi, hakurudi kwenye meza yake. Kila mmoja wao alikuwa na watoto shuleni. Kila mmoja aliamini kwamba asipowahi yeye, mwenzake atawahi. Nami peke yangu, nikiwa katikati na bahasha mbili, nilijua hakuna aliyeiba. Saa tisa dereva angepeleka mfuko wa barua. Nilizifunga bahasha zote mbili. Nilikunywa chai. Saa saba wote wawili walitoka kwenda kula, kila mmoja kwa njia yake, nami nikazifungua tena bahasha, nikaweka barua ya Kimaro juu ya meza ya Ndahani, na ya Ndahani juu ya meza ya Kimaro. Watu wakisikia hudhani nilikuwa jasiri. Jasiri ni yule anayeogopa kwanza. Mimi nilikuwa nimechoka tu kubeba maneno yao.

Waliporudi walisoma. Feni ilikuwa imezimika. Nilisikia karatasi ya upande mmoja ikigeuzwa, kisha ya upande wa pili. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale, Kimaro alisema, "Ndahani." Akamwita kwa jina, moja kwa moja, sauti ikipita juu ya kichwa changu.

"Naam."

"Umeichukua?"

"Sijaichukua. Wewe je?"

"Haki ya Mungu sijaigusa."

Walitazamana, na sikuona hasira, niliona watu wawili wenye mvi ambao wangeweza kuangamizana saa tisa. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikawaambia: mwanamke, maji, mtoto, jiwe, kalamu, jiko. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Kimaro aliketi. "Ukilisema hili mbele ya mgeni," akasema, "kesho huna kazi." Ndahani alifungua rejesta, akaweka kidole kwenye sahihi yake. "Hii ni ya nani?" akaniuliza. "Ya kwako, mzee." "Basi. Nilisaini kitu ambacho sikukiona. Mgeni nitamjibu mimi, nitasema karatasi imeharibikia mikononi mwangu." Kimaro akasema, "Nami nitaandika Dar es Salaam kukutetea. Wakikugusa, nitaandika." Walichana barua zote, nakala na kaboni, wakampelekea Mama Neema vipande avichome. Siku ile walikula meza moja. Hawakuzungumza mengi. Walipitishiana chumvi wenyewe.

Mgeni alikuja, akasikiliza, akaandika kwenye daftari lake, akaondoka. Wakubwa hawakumwita Ndahani mwizi, hawakumwita chochote. Mwezi wa kwanza ilikuja barua ya uhamisho, nusu ukurasa, kumpeleka Kondoa kwenye uchimbaji wa visima, na akapangiwa kambi karibu na Kolo. Mtu aliyesomea mawimbi yanayopita katikati ya dunia akaenda kusimamia pampu za maji. Aliondoka peke yake kwanza, mkewe na watoto wakabaki mjini. Kimaro alipata masomo, na aliporudi akapewa ukuu wa kituo. Barua ya kumtetea mwenzake hakuiandika. Najua, kwa sababu ningeichapa mimi. Nami sikuiandika ya kwangu. Nilijiambia nitafanya hivyo wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Mwaka wa tisini na moja Warusi wakatangaza wameacha majaribio, na nchi yao ikavunjika. Baada ya mwaka mwingine Wamarekani nao wakanyamaza. Karatasi zangu zikabaki na matetemeko na treni ya Kigoma. Vitabuni husomwa kwamba mataifa yale mawili makubwa yalirudi nyuma kwa hekima. Huenda. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba wawili wakirudi nyuma pamoja, mara nyingi kuna mmoja anayeachiwa kulipa, na waliosalimika hujifunza haraka sana kutomtaja.

Alhamisi tulimzika Mzee Ndahani. Wakristo waliimba, mchungaji alisema maneno mazuri, udongo wa Kongwa ulikuwa mwekundu na mkavu. Baada ya chakula, tulipokuwa tumekaa chini ya turubai, binti yake mkubwa, Janeth, mwanamke wa makamo sasa, alikuja akatusalimia. "Shikamooni. Nasikia mlifanya kazi na baba."

"Marahaba," tukasema pamoja.

Alivuta kiti. "Kuna jambo nataka kuwauliza, maana mmebaki ninyi tu. Mjini watu walisema baba alihamishwa kwa sababu aliuza nyaraka za serikali. Shuleni walituimbia. Yeye mwenyewe hakuwahi kujibu, si ndiyo wala si hapana. Je, ni kweli?"

Mzee Kimaro alitazama ncha ya fimbo yake.  Nikasikia sauti yangu ikisema, "Si kweli, mwanangu. Hakuuza, wala hakupoteza kitu. Kosa lilikuwa langu, na sisi wawili tulilijua miaka yote hii."

Janeth hakupiga kelele. Alikaa akinitazama, mikono juu ya kanga yake, mpaka waliokuwa wanaosha vyombo wakamaliza sufuria moja na kuanza nyingine. "Mama alifariki akiamini aliuza," akasema. "Alikwenda kumtembelea Kondoa mara mbili tu, maisha yake yote. Alimwonea aibu."

Sikuwa nimelijua hilo.  Kimaro akaanza, "Binti yangu, wakati ule mambo yalikuwa—" Janeth akainua kiganja, kwa adabu, kama mtu anayezuia gari ili mtoto apite.

"Ngoja kwanza, mzee. Nina wadogo zangu wanne. Nitawaita wasikie wenyewe, nisije nikawapelekea maneno mimi."

Akaenda. Tulibaki kwenye viti vya plastiki, mimi na Kimaro, bila kutazamana. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba gari linasubiri, kwamba njia ni ndefu, kwamba tungeweza kuaga. Nikamwambia aende. Hakuinuka. Nikahisi mashavu yamelowa na nikajua nalia, mbele ya watu, kwa sauti, kama mtoto. Walikuja wote watano, wawili wamebeba viti vyao wenyewe, wakakaa wakatuzunguka. Janeth alinipa kitambaa, akasubiri nijifute.

"Haya, shangazi," akasema. "Anzia mwanzo."

Nikaanza na jina la mwanangu.